Silensa Ikigoma Kutulia: Mafunzo Niliyopata kwa Volkswagen ya Kobe

Siku hizi naona vijana wengi wanazitafuta Volkswagen za kobe kwa udi na uvumba. Wanazikuta zimelala chini ya miembe Tanga, Moshi au Mombasa, wanazivuta hadi gereji, wanazipiga rangi ya kung'aa. Siwalaumu. Gari hili lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo barabara nyingi za kwetu zilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Kobe wa mwisho alitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003, baada ya zaidi ya magari milioni 21 kuundwa duniani, kwa hiyo spea bado zinapatikana kwa mwenye subira.

Kazi huanza rangi ikishakauka. Gari linawaka, barabarani linakwenda vizuri, lakini ukisimama kwenye taa linatetemeka, linamisi, kisha linazima huku daladala nyuma yako ikipiga honi. Hapo kila mpita njia anakuwa fundi na wote wanasema neno moja: "Kabureta hiyo!"

Langu ni la mwaka 1966, injini ya 1300, kabureta ya Solex 30 PICT-1. Mke wangu husema nimelisikiliza hilo gari kuliko nilivyomsikiliza yeye, na sina ushahidi wa kumpinga. Niliyojifunza ni haya. Mengi niliyapata baada ya kuharibu kwanza.

1. Kabureta ishitakiwe mwisho

Skrubu za kabureta zina bahati mbaya moja: zinaonekana. Ukifungua boneti ya nyuma unaziona, na bisibisi unayo mkononi. Tapeti zimefichwa chini ya vifuniko, huko chini kabisa, na platini imo ndani ya distribyuta. Basi mtu anakoroga kinachoonekana. Mimi nilikoroga kwa ari kubwa, huku na huku, mpaka nikasahau skrubu zilikuwa wapi nilipoanza. Gari likazidi kuwa baya.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja mzee pale Ngamiani, Tanga. Nilitarajia afungue kabureta mara moja. Hakuigusa. Akaniuliza, "Tapeti umepima lini?"

"Mzee, tapeti zangu hazina shida," nikamjibu kwa majivuno. "Injini iko kimya kabisa, hata huisikii."

Akacheka. "Bwana mdogo, tapeti inayopiga kelele hiyo nzima. Ogopa iliyonyamaza. Liache gari lilale hapa, kesho asubuhi injini ikiwa baridi tutazungumza."

Asubuhi akashusha vifuniko, akachukua fila ya milimita 0.15, akaanza kupima. Zote zilipita, nyingine kwa taabu, mpaka alipofika valvu ya kutolea moshi ya silinda ya tatu. Fila iligoma kuingia hata ncha. Valvu ile ilikuwa haifungi sawasawa, na silinda ya tatu ilikuwa inavuja mgandamizo. Barabarani sikugundua kwa sababu injini ikiwa na kasi hufunika mengi. Ikishuka kwenye silensa, yaani inapozunguka bila kukanyagwa mafuta, silinda moja dhaifu kati ya nne huisikia mpaka kwenye usukani.

Lililonishangaza ni kwamba mzee aliitaja namba ya silinda kabla ya kuipima. Katika injini hizi za zamani kipoza oili kimekaa mbele ya silinda ya tatu na kuizuilia upepo wa feni, ndiyo maana huwa na joto kuliko wenzake. Wahandisi wenyewe walilijua hilo, wakaichonga distribyuta ili cheche ya silinda hiyo ichelewe kidogo. Na valvu ya kutolea moshi hupoa pale inapokaa kwenye kiti chake. Isipokaa, inaungua. Ukimya niliojivunia ulikuwa unanipeleka kwenye oveholi.

Tangu siku hiyo utaratibu wangu haubadiliki: tapeti kwanza injini ikiwa baridi, kisha plagi, kisha platini kwa nafasi ya milimita 0.4, kisha taimingi. Platini lazima itangulie taimingi, kwa sababu ukiigusa platini umeigusa na taimingi, utake usitake. Kabureta inangoja zamu yake. Mara nyingi zamu hiyo haifiki.

2. Upepo wa wizi

Baada ya tapeti, gari lilitulia kwa muda. Kisha tabia ikarudi kwa sura nyingine: silensa inapanda yenyewe, inashuka, inapanda tena. Nikaamua kabureta imechoka, nikanunua nyingine ya mtumba. Hali ile ile. Nikaanza kushuku kwamba gari limerogwa.

Hapa yafaa kujua kinachotendeka injini ikiwa kwenye silensa. Kile kibati cha duara kinachofungua na kufunga koo la kabureta kinakuwa kimefungwa karibu chote. Injini inavuta kwa nguvu lakini inapewa hewa kiduchu, na petroli inapita katika njia nyembamba sana. Kukiwa na ufa popote chini ya kibati hicho, hewa isiyopimwa inaingia na mchanganyiko unakuwa mwepesi mno. Ni sawa na kunywa dafu kwa mrija uliopasuka, utavuta mpaka mashavu yaume lakini kinachofika mdomoni ni upepo. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani tena. Kwa hiyo gari linalotetemeka kwenye silensa na kutulia kwenye mwendo, mimi hulitafutia ufa kwanza.

Pa kutafuta ni pachache: gasketi iliyo chini ya kabureta, gasketi za bomba la kuingizia hewa pale linapofungwa kwenye hedi pande zote mbili, kimpira chembamba kinachokwenda kwenye distribyuta, na shafti ya kile kibati. Nilipomrudia, yule mzee alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine akaipitisha taratibu kwenye maungio. Aliposikia mluzi akatulia. Kisha akapaka oili nzito kwa brashi ndogo kuzunguka shafti ya kibati. Injini ikabadilika sauti palepale, ikawa tulivu kwa nusu dakika, mpaka oili iliponyonywa yote. Ushahidi ukawa umetimia.

Shafti ilikuwa imelika, na tundu lake limekuwa yai kwa vumbi la miaka. Ile kabureta ya mtumba niliyoinunua nayo ilikuwa imelika vilevile, ndiyo maana haikusaidia kitu. Nilichohitaji ni mkereza vyuma wa kunichongea bushi mbili za shaba, kazi ya bei ndogo kuliko kabureta niliyoinunua bure.

Neno la tahadhari: wapo mafundi wanaotafuta uvujaji kwa kumwagia petroli juu ya injini inayowaka. Usikubali. Oili na sikio vinatosha.

3. Sikiliza "tik" kabla hujafungua chochote

Hili nalisimulia haraka kwa sababu linaniaibisha. Siku moja gari liliwaka vizuri, lakini kila nikiachia mafuta linazima papo hapo, bila hata kutetemeka. Nikaishusha kabureta. Nikaifungua vipande vyote juu ya meza ya kulia chakula, kwenye gazeti, nikaosha kila kimoja, nikapuliza kila tundu. Nilipofika kwenye jeti ya silensa, nikaona kama ina uchafu, nikaichokoa kwa uzi wa waya. Nikarudishia vyote. Gari likazima vilevile.

Kumbe jeti ya silensa kwenye kabureta hizi ina kisumaku cha umeme. Ukiwasha swichi, kisumaku kinavuta pini na petroli inapita. Ukizima, pini inaziba ili injini isiendelee kugugumia yenyewe. Kuna waya mmoja unaokiunganisha na koili. Wangu ulikuwa umechomoka na kuning'inia pembeni, mbele ya macho yangu muda wote.

Kipimo chake hakihitaji hata spana. Washa swichi bila kuwasha injini, chomoa ule waya, kisha uguse tena mahali pake. Ukisikia "tik", kisumaku kizima. Usiposikia, umeipata shida yako na meza ya chakula imesalimika.

Ile jeti niliyoichokoa ilinigharimu. Namba iliyoandikwa kwenye jeti ya Solex ni kipimo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita: jeti ya 55 ina tundu la milimita 0.55. Ukipitisha waya na kukwaruza kidogo tu, namba iliyoandikwa si kweli tena. Jeti huoshwa na kupulizwa kwa upepo wa kompresa, basi.

4. Skrubu mbili zina kazi mbili

Kwa miaka mingi nilizichukulia skrubu mbili za kabureta yangu kama njia mbili za kufika pamoja. Silensa ikiyumba, niliifungua ile ya mwendo mpaka injini inapiga kelele, na kelele ikifunika mtetemo nilijiona nimetengeneza. Gari likawa linavuta mbele kwenye foleni, petroli inaisha, na nikizima swichi injini inaendelea kukohoa mara kadhaa kabla ya kukubali.

Skrubu ya mwendo inasukuma kibati. Skrubu ya mchanganyiko inapima petroli ya silensa peke yake, kwenye kijia chake chembamba. Ukikifungua kibati kupita kiasi, unafunua vitundu vya juu yake vilivyowekwa kwa ajili ya gari linapoanza kuondoka, na petroli inaanza kupitia huko. Hapo unaweza kuifunga skrubu ya mchanganyiko yote na injini isijali. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote: funga skrubu ya mchanganyiko taratibu injini ikiwa inawaka, na ikiwa haizimi wala kuyumba, acha kutyuni. Petroli inapita pasipo pake, au kibati kimefunguka mno.

Kutyuni kwenyewe hakuchukui muda. Tembeza gari kwanza hadi injini ipate joto la kazi. Hakikisha choki imefunguka kabisa na skrubu ya mwendo imekaa kwenye ngazi ya chini ya kile kijibati cha choki chenye ngazi. Kama waya wa choki umekatika, choki haifunguki sawasawa na utatyuni uongo. Chujio la hewa liwe mahali pake. Ifunge skrubu ya mchanganyiko kwa vidole viwili mpaka iguse, usiikaze. Mimi niliwahi kuikaza kwa nguvu zote, ncha yake ikapata mkunjo, na tangu hapo haikukubali kupima chochote. Kisha ifungue mizunguko miwili hivi na uwashe gari.

Sasa iingize ndani kidogo kidogo mpaka injini ianze kuyumba. Itoe mpaka itulie, endelea mpaka ianze kuwa nzito. Katikati ya sehemu hizo mbili kuna mahali injini inazunguka haraka kuliko kwingine, nawe hukugusa mafuta. Simama hapo, subiri injini iikubali, ndipo urudi kwenye skrubu ya mwendo ushushe silensa. Gari langu halina geji ya mizunguko. Natumia ile taa nyekundu ya jenereta kwenye dashibodi: ikianza kupepesa, nimeshusha mno.

Mwenye gari la miaka ya sabini, lenye kabureta ya 34 PICT-3, asome hapa mara mbili. Yeye ana skrubu tatu. Ile ya kwenye mkono wa kibati si ya silensa, asiiguse. Mwendo unarekebishwa kwa skrubu kubwa iliyo ubavuni, inayopitisha hewa pembeni ya kibati, na kitabu kinataka mizunguko 850 hivi kwa dakika. Nimeona kabureta nzima nyingi za aina hiyo zikitupwa kwa sababu tu fundi alizoea za zamani.

5. Tyuni unapoishi

Nilikwenda Lushoto msibani. Kutoka Tanga gari lilikuwa tulivu mno, naweka glasi ya maji juu ya boneti haimwagiki, na nilikuwa nimeshawatambia watu. Tulipomaliza zile kona za kutoka Mombo, nikasimama sokoni, gari likaanza kuyumba, linanuka petroli, moshi mweusi nyuma. Nikatafuta bisibisi nikiwa bado na kanzu, nikalirekebisha mpaka likatulia. Nikashuka nalo Tanga baada ya matanga. Lilizima karibu kila makutano ya barabara za Ngamiani, na watu niliowatambia wakashuhudia.

Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kabureta husoma kasi ya hewa inayopita kooni, haisomi uzito wake, kwa hiyo inaendelea kutoa petroli karibu ile ile kwa hewa iliyopungua. Mchanganyiko unakuwa mzito. Nairobi, karibu mita 1,800, hali ni hiyo na zaidi. Gari likitoka Nairobi kuuzwa Mombasa bila kutyuniwa upya, mnunuzi atadhani amepigwa.

Kama unapanda mlimani kwa siku mbili, vumilia. Ukihamia huko, tyuni upya, na pengine ubadili jeti kuu. Kukimbizana na skrubu kila safari kunakuchosha wewe na ncha ya skrubu.

6. Ubahili wa petroli ni ghali

Wanaokumbuka uhaba wa mafuta, hata magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili alasiri, watanielewa. Kila mtu alikuwa na mbinu ya kubana. Yangu ilikuwa kuikaza skrubu ya mchanganyiko robo zaidi na kuweka jeti kuu ndogo niliyoazimwa. Nilipochomoa plagi, zilikuwa nyeupe. Nikafurahi kwamba ni safi!

Plagi nyeupe inasema mchanganyiko ni mwepesi na chumba cha moto kinachemka. Nyeusi yenye masizi inasema mzito. Inayotakiwa ni ya kahawia iliyofifia. Injini ya kobe haina maji, inapozwa na upepo na oili, na petroli yenyewe inachangia kupoza. Ukiibania sana, akiba yako utailipia kwenye valvu na pistoni. Ukikosea, ni afadhali ukosee upande wa uzito kidogo.

7. Kabla ya yote, mpira wa petroli

Nimeuweka mwisho ingawa ungepaswa kuwa wa kwanza, kwa sababu najua msomaji mwenye hamu huruka ya mwanzo akatafute skrubu. Kila unapoishusha kabureta unautikisa mpira wa petroli. Ukiwa mkavu, wenye nyufa, au hauna klipu, utaanza kudondosha juu ya injini ya moto, karibu na distribyuta yenye cheche. Hata kile kibomba cha shaba kinachoingia juu ya kabureta hulegea kwa uzee na kuchomoka kikiwa na mpira wake. Na bloku ya injini ya kobe ni ya aloi ya magnesiamu. Ikishika moto, maji hayaizimi, yanaichochea.

Kwa hiyo leo, kabla ya kununua hata gasketi, nunua mpira mpya unaostahimili petroli, klipu kwa kila ncha, na kizima moto cha unga cha kuweka ndani ya gari, karibu na kiti cha dereva. Vuta kile kibomba cha shaba kwa vidole. Kikicheza, usiwashe gari mpaka kimekazwa.